Baridi Iliyosingiziwa: Mikonge na Dungusi Katika Majira ya Jalidi

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, miaka mitatu iliyopita, waumini waliotoka msikitini baada ya Swala ya Alfajiri waliukuta uwanja umekuwa mweupe. Jalidi ilikuwa imeshuka usiku, na nyasi zilivunjika chini ya viatu. Kwa sisi tunaoishi mkoani Njombe jambo hilo si geni. Geni lilikuwa lile tulilolikuta katika bustani yetu ndogo: mikonge ya mapambo na mipungate tuliyoipanda miezi minne nyuma ilikuwa imelegea. Majani yaliyokuwa ya kijani kibichi yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mengine yalipoguswa yalitoa maji yenye harufu ya kuoza.

Miche ile ilikuwa 24, na yote alituletea bibi mmoja wa mtaani kwetu kutoka uani kwake. Hakutaka hata shilingi. Alisema ni sadaka yake ili uwanja usibaki mtupu wakati wa kiangazi, maana maua ya kawaida yalikuwa yanatumia maji mengi ambayo tangi letu haliwezi kuyatoa. Sisi wa kamati ndio tuliopokea amana ile. Mwisho wa Agosti tulikaa kikao, tukaandika katika kumbukumbu sentensi moja fupi: mimea imekufa kwa baridi. Sentensi hiyo haikuwa ya kweli, na makala haya ni masahihisho yake.

Mashahidi juu ya kifusi

Siku ya kupanda, tuta letu lilipokea miche 20 tu. Minne iliyozidi tuliibwaga juu ya kifusi cha mawe na matofali mabovu nyuma ya ukuta, tukikusudia kuitafutia mahali, kisha tukaisahau. Muadhini wetu, mzee aliyelima maisha yake yote, alikwenda pale mwezi wa Septemba kutafuta tofali, akarudi kutuita. Miche yote minne ilikuwa hai. Ilikuwa imekunjamana kidogo, lakini migumu kwa kuigusa, na imejishikiza kwenye kifusi kwa mizizi yake yenyewe. Katika tuta, kati ya ile 20, ilikuwa imebaki mitatu, nayo ina majeraha.

Usiku ulikuwa mmoja na jalidi ilikuwa moja. Ikiwa baridi ndiyo iliyoua, mbona haikuua pale kwenye kifusi, mahali pasipo na hata kivuli cha mti?

Tulikwenda kwa yule bibi kumwomba radhi. Alituuliza swali moja tu: “Mliipanda wapi?” Tukamweleza kwamba tuliichagulia mahali pazuri, kando ya mfereji wa maji ya udhu ili isikose maji, na tukachanganya udongo na samadi ya kutosha. Akacheka. “Wanangu, mmemkirimu mgeni mpaka mkamuua,” alisema. “Yangu iko juu ya mawe, na tangu niolewe sijawahi kuimwagia maji.”

Kinachotokea ndani ya jani

Tulirudi tukasoma na kuwauliza wenye ujuzi wa kilimo, tukaelewa kwamba maneno ya bibi yalikuwa na maelezo yake ya kitaalamu.

Mkonge na dungusi ni mimea inayoweka akiba ya maji ndani ya majani au mashina yake. Baridi inapokaribia polepole, mmea ulio katika udongo mkavu hupunguza akiba hiyo. Utomvu unaobaki huwa mzito, wenye sukari na chumvi nyingi. Kila mama wa nyumbani anajua kwamba maji matupu yakiwekwa kwenye friza huwa jiwe, ilhali asali haigandi namna hiyo. Utomvu mzito nao huhitaji baridi kali zaidi ili ugande. Hata barafu inapoanza kujitokeza, hutokea katika nafasi zilizo baina ya seli, mahali ambapo mmea unaweza kuivumilia. Mmea uliojaa maji hauna kinga hiyo. Barafu huingia ndani ya seli zenyewe na kuzipasua, na kulipokucha jani huwa kama tunda lililogandishwa kisha likayeyuka.

Madhara mengine hutokea mizizini. Udongo uliolowa na kuwa baridi hauna hewa ya kutosha. Mizizi hudhoofika, kuvu huingia kupitia majeraha, na uozo hupanda hadi moyo wa mmea. Uozo huo huonekana wiki kadhaa baada ya jalidi kupita, na ndiyo maana baridi husingiziwa.

Ushahidi mkubwa zaidi uko ng'ambo. Mji wa Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,600, na majira ya baridi huleta theluji na usiku wa nyuzi nyingi chini ya sifuri. Hata hivyo, bustani ya mimea ya mji huo inakuza dungusi na mikonge nje, bila ya paa. Uingereza baridi yake ni pungufu kwa mbali, lakini majira yake ya baridi ni ya mvua na jua haba. Huko wakulima wa bustani hupoteza mimea hiyo hiyo kwa kuoza, na wengi huijengea kipaa cha kioo au cha plastiki angavu kilicho wazi pande zote. Kipaa hicho hakileti joto lolote. Kazi yake ni kuzuia mvua.

Ndugu msomaji wa nyanda za juu, tazama sasa hali yetu. Kwetu majira ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo pia majira ya ukavu. Mwenyezi Mungu ametupa baridi kavu kama ya Denver, nasi tukaipelekea maji kwa mfereji.

Ndugu walio mbalimbali

Si kila mkonge unafaa mahali pa baridi. Mimea hii asili yake ni bara la Amerika, na mkonge tunaoujua wa mashambani uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Inaelezwa kwamba aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Mkonge huo, Agave sisalana, ni wa nchi za joto na jalidi huuumiza. Anayeutoa Korogwe kuupeleka Makete anautafutia msiba.

Mkonge wa mapambo, Agave americana, wenye majani makubwa ya rangi ya kijivu na buluu, na mara nyingine kingo za manjano, ni mvumilivu zaidi. Ukiwa mkavu huhimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na huo unatutosha. Wenzake wa milimani, kama Agave parryi wa Arizona na New Mexico na Agave utahensis wa majangwa ya Utah, huweza kustahimili hata nyuzi zinazokaribia 20 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi, kwa sharti lile lile la ukavu. Kwa upande wa mipungate, kuna aina ndogo iitwayo Opuntia fragilis inayoota yenyewe kaskazini hadi eneo la mto Peace nchini Kanada. Majira ya baridi hunywea, hulala chini, na theluji huifunika. Joto likirudi huinuka.

Tuwatahadharishe pia wasomaji wasidanganywe na sura. Miti mingi ya Afrika yenye umbo la dungusi, pamoja na minyaa tunayoitumia kwa ua, ni ya ukoo mwingine kabisa. Ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ni hatari kwa macho. Maelezo ya baridi tunayoyatoa hapa hayaihusu miti hiyo.

Namna tulivyopanda mara ya pili

Kwanza ni mahali. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa ya baridi huteremka kama maji na kukusanyika bondeni. Kwa hiyo tuliacha pale chini karibu na mfereji, tukachagua sehemu ya juu ya uwanja inayopata jua tangu asubuhi, mbele ya ukuta wa mawe. Mawe hukusanya joto mchana na kulitoa usiku polepole.

Pili ni udongo. Tuliinua tuta kwa futi moja na nusu juu ya ardhi. Chini tuliweka kifusi. Juu yake tukaweka mchanganyiko ambao nusu yake au zaidi ni changarawe na mchanga mnene wa mtoni, na iliyobaki ni udongo wa kawaida. Samadi hatukuitia. Samadi nyingi huufanya mmea ukue haraka na kuwa laini, na ulaini huo ndio jalidi inaoutafuta. Shingoni mwa kila mmea tuliweka kokoto, ili mahali shina linapokutana na ardhi pakauke upesi baada ya mvua.

Tatu ni majira. Mara ya kwanza tulipanda mwezi wa Machi, mvua zikiwa nyingi na baridi ikiwa mlangoni. Mara ya pili tulipanda Septemba, jua likianza kuwa na nguvu, ili mizizi iwe imeshika kabla ya mvua za Novemba, na mmea uwe na miezi mingi ya kukomaa kabla ya Juni. Kipande cha mpungate kikikatwa hakipandwi siku hiyo hiyo. Hukaa kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke, kisha husimamishwa kwenye changarawe. Kichipukizi cha mkonge nacho hupewa siku chache za kukauka.

Nne ni maji. Tulimwagilia mara chache tu wakati wa kushika mizizi. Mvua zikiisha, hatutoi hata kikombe mpaka baridi iondoke.

Tano ni usiku wenyewe wa jalidi. Miche michanga huifunika jioni kwa gunia la katani lililotandazwa juu ya vijiti, na gunia huondolewa jua likichomoza. Nailoni haifai, kwani hukusanya unyevu na kuudondosha juu ya mmea. Mimea iliyokomaa hatuifuniki.

Kosa la pili

Hata baada ya kujifunza yote hayo tulikosea tena. Julai iliyofuata mipungate ilikunjamana, ikapoteza mng'ao, na baadhi yake ikainamia chini. Tukiwa bado na aibu ya mwaka uliotangulia, tuliona afadhali tuing'oe mapema kabla watu hawajaanza kusema. Tuling'oa miwili. Mizizi yake ilikuwa myeupe na mizima. Ilikuwa hai, imejinyima maji kwa ajili ya baridi kama ilivyoumbwa, nasi tukadhani imekufa.

Tangu siku hiyo tuna kanuni. Mmea uliokunjamana usiguswe kwa jembe. Ubonyezwe kwa kijiti karibu na shina. Ukiwa mgumu, uachwe. Ukiwa laini na wenye harufu, sehemu iliyooza ikatwe mpaka ionekane nyama safi, kidonda kipakwe unga wa mkaa au majivu, na kiachwe kikauke. Hukumu ya mwisho isitolewe kabla ya Oktoba. Na maji ya kwanza yasitolewe kwa pupa; yasubiri joto la mchana lishike.

Tahadhari kwa familia

Penye watoto, mikonge ipandwe mbali na njia, na ncha za miiba zikatwe. Utomvu wake huwasha ngozi, hivyo glavu na mikono mirefu ni lazima wakati wa kukata. Mipungate ina miiba midogo kama unywele, ambayo huingia mwilini bila kuonekana. Gundi ya karatasi ikibandikwa na kubanduliwa huitoa vizuri kuliko vidole.

Jambo zito zaidi ni haki ya jirani. Huko Laikipia nchini Kenya, aina za mipungate zilizoletwa kwa ua na mapambo zimetapakaa katika malisho. Miiba ya matunda yake huumiza vinywa na matumbo ya mifugo, na wafugaji wamepata hasara kubwa. Kipande kimoja kikidondoka huota. Kwa hiyo mabaki tunayafukia shimoni au kuyachoma, wala hatuyatupi korongoni, na matunda tunayachuma kabla ndege hawajayasambaza.

Masahihisho

Leo uwanja wetu una mimea 31, mingi ikiwa vichipukizi vya ile minne ya kifusini, na mingine tuliongezewa na bibi yule yule bila ya kutusimanga. Imepita majira mawili ya baridi katika tuta jipya. Tumepoteza mitatu, ukiacha miwili tuliyoiua kwa mikono yetu.

Katika kikao kilichopita tuliomba kumbukumbu za mwaka ule zifunguliwe, na chini ya sentensi ile ya zamani tukaandika: mimea ilikufa kwa maji tuliyoipa sisi. Muadhini alitia saini ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.