Kibubu Kikijaa Sarafu

Katika nyumba nyingi za Tanzania, chenji ya sokoni na ya daladala huishia kwenye kibubu. Siku kinapovunjwa, kazi ya kwanza ni kutenga: za 50 peke yake, za 100, za 200 na za 500 vivyo hivyo.

Sarafu ya 500, yenye sura ya Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, iliingia kwenye mzunguko mwaka 2014, kwa kuwa noti ya thamani hiyo ilichakaa upesi kwa kupita mikono mingi. Sarafu 200 za aina hiyo hufikisha shilingi 100,000. Za shilingi 100 zitahitajika 1,000.

Benki hupokea sarafu hizo, lakini kuzihesabu huchukua muda, hivyo ni vyema kwenda na mafungu yaliyo sawa na kukwepa siku za mishahara.

Njia ya karibu zaidi ya kuzibadilisha kuwa noti ni duka la mtaani. Mwenye duka, sawa na kondakta wa daladala, huhangaika na chenji tangu asubuhi, na mteja anayedai shilingi 100 wakati mwingine huambulia pipi. Mzigo wa sarafu kwake ni nafuu, naye hutoa noti kwa furaha. Noti hizo zikiwekwa kwa wakala wa pesa za simu siku hiyohiyo, akiba haipotelei kwenye matumizi madogomadogo.