Hosteli Si Kitanda Tu: Kumtunza Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Aliye Mbali na Nyumbani

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, mji wa Machakos hupokea wageni wengi kwa siku chache. Matatu hushusha vijana wenye masanduku, ndoo na sufuria mpya, na bodaboda huelekea barabara ya Wote zikiwa zimebeba magodoro. Baadhi ya vijana hao wametoka Mwala, Yatta au Masinga. Wengine wametoka Turkana, Kisii au Kwale, kwa kuwa nafasi za vyuo vikuu vya umma hugawiwa kitaifa na KUCCPS. Mzazi akishalipa karo na kukiona chumba, hurudi nyumbani akiamini kwamba kazi kubwa imekwisha.

Kwa mwanafunzi, kazi ndiyo inaanza. Kaunti hii ina Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili Oktoba 2016. Pia ina Chuo Kikuu cha Kikristo cha Scott mjini Machakos na kampasi ya Chuo Kikuu cha Daystar upande wa Athi River. Wanafunzi wao hulala, hupika, huugua na huhangaika ndani ya mitaa yetu. Makala haya yanaeleza yanayowasumbua vijana hao katika makazi yao, nani anawajibika kwa lipi, na pa kukimbilia mambo yanapoharibika.

Kwa nini miezi ya kwanza ni migumu

Katika shule ya upili, kengele humwamsha mwanafunzi, chakula hupikwa kwa saa maalumu, na mwalimu wa zamu humtafuta asiyeonekana. Chuoni hakuna kengele. Kijana anaweza kukaa chumbani siku tatu bila kula wala kuhudhuria masomo, na asiwepo mtu wa kuuliza yuko wapi.

Pesa huongeza uzito. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, huwasaidia wengi kwa karo na matumizi. Lakini mkopo ukichelewa, kodi haingoji. Mwanafunzi hupunguza chakula kwanza, kisha hukopa kwa programu za simu, na wengine hujaribu bahati yao katika kamari ya simu. Aliyekosa nafasi ya hosteli huenda akajibanza kwenye kitanda cha rafiki, akiishi kwa hofu ya kufukuzwa. Msichana aliyelemewa na kodi anaweza kukutana na mtu anayejifanya mfadhili kumbe ana lake.

Kisha kuna aibu. Kijana ambaye wazazi wake waliuza ng'ombe ili aingie chuo, au ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo kufika hapo, huona vigumu kusema kwamba ameshindwa na mtihani au hana chakula. Akipigiwa simu Jumapili hujibu kwamba yuko salama, na simu hukatwa pande zote mbili zikiwa zimeridhika.

Nani anawajibika kwa lipi

Wakazi wengi hudhani kwamba mambo yote ya wanafunzi ni ya chuo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inagawa majukumu. Elimu ya vyuo vikuu iko chini ya serikali ya kitaifa. Ndani ya ua wa chuo, mabweni, ushauri nasaha na nidhamu husimamiwa na chuo chenyewe, kupitia ofisi ya mkuu wa wanafunzi.

Hata hivyo, vyuo vya umma nchini havina vitanda vya kutosha kwa wanafunzi wote, kwa hiyo wengi hupanga vyumba vya watu binafsi. Wakishatoka nje ya lango, huduma nyingi wanazotegemea ni za kaunti: vituo vya afya, ambulensi, maji na usafi, uzoaji wa taka, taa za barabarani, huduma za zimamoto, na leseni za vilabu vya pombe na vibanda vya chakula. Mkazi anayeona giza kwenye njia ya wanafunzi, choo kilichofurika katika ploti ya kupangisha, au kilabu kinachouza pombe kinyume cha leseni, anaweza kuripoti kwa msimamizi wa wadi au afisa wa afya ya umma. Uhalifu na dhuluma huripotiwa kwa polisi, na chifu pia anaweza kuelezwa.

Afya ya akili ina sheria yake. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanazitaka serikali za kaunti kutoa huduma hiyo katika vituo vyao, badala ya kila mgonjwa kutegemea hospitali ya Mathari jijini Nairobi.

Funzo la Kyanguli

Usalama wa jengo ni sehemu ya utulivu wa anayelala ndani yake, na Machakos inalijua jambo hili kwa uchungu. Machi 2001, moto uliteketeza bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli na kuua wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Mwaka 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kuelekea nje, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Mwongozo huo uliandikiwa shule, lakini moto haubagui shule na chuo. Mwenye ploti anayepangishia wanafunzi anafaa kujiuliza maswali hayo hayo: je, watu 30 wakiamka usiku kukiwa na moshi, watatokea wapi? Ufunguo wa lango unakaa na nani? Kizima moto kipo, na keyateka anajua kukitumia?

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Koili ya kuchemshia maji ikiachwa kwenye umeme, nyaya nyingi zikiunganishwa kwenye soketi moja, au mtungi wa gesi ukiwekwa karibu na kitanda, chumba kizima kiko hatarini. Katika baridi ya Juni na Julai, jiko la makaa lisiingizwe chumbani hata kwa muda mfupi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini.

Dalili za kuangaliwa

Mara nyingi anayegundua kwanza si daktari wala mhadhiri. Ni mwenzake wa chumbani, keyateka, au mama muuza chakula anayeona kwamba mteja wake wa kila siku hafiki tena. Dalili zinazohitaji kufuatiliwa, hasa zikidumu kwa wiki mbili au zaidi, ni hizi:

- Kujitenga, kuacha masomo, au kufunga mlango mchana kutwa.
- Kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupungua uzito, kuacha kuoga na kufua.
- Ulevi wa ghafla, hasira zisizo na sababu, au madeni ya kufichwa.
- Kugawa vitu vyake, kuaga watu, au kusema kwamba yeye ni mzigo na afadhali asingekuwepo.

Dalili ya mwisho ni ya dharura. Shirika la Afya Duniani linataja kujiua miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Wengi huogopa kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua, wakidhani watampa wazo hilo. Sivyo. Kumuuliza kwa upole humpa nafasi ya kusema alilokuwa amelibeba peke yake. Baada ya kuuliza, kazi ni kusikiliza bila kumkemea, kutomwacha peke yake, kuondoa karibu naye vitu vinavyoweza kumdhuru, na kumfikisha kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi familia zilificha jambo hili kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu wa aina hiyo ni mgonjwa anayehitaji matibabu, na anayempeleka hospitali anamsaidia.

Anachoweza kufanya kila mmoja

*Mzazi:* Badala ya kuuliza "Uko salama?" tu, aulize amekula nini leo, anaishi na nani, na ni somo gani linalomsumbua. Ajue jina la rafiki mmoja na namba ya mwenye nyumba. Ahakikishe usajili wa mwanawe kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, uko sawa kabla ugonjwa haujaja. Gunia la muthokoi au maharagwe linalotumwa mwanzoni mwa muhula huokoa wiki nyingi za njaa.

*Mwenye ploti:* Aandike mkataba ulio wazi, achukue namba ya mtu wa nyumbani kwa mpangaji, na azungumze na mpangaji aliyechelewesha kodi kabla ya kufungia mlango kwa kufuli. Mlango uliofungwa huweza kumtupa msichana barabarani usiku.

*Mwanafunzi:* Afike kwa mshauri nasaha wa chuo mapema, kabla deni au huzuni haijamzidi. Atakayoyasema huko ni siri kati yao, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Mwanafunzi wa miaka ya juu naye amtembelee fresha wa chumba jirani katika wiki za kwanza.

*Jirani:* Asiseme "hawa ni watoto wa chuo" na kupita. Aliyeanguka mlangoni ni mwana wa mtu.

Pa kupata msaada

- Dharura ya polisi: 999 au 112.
- Msaada wa kisaikolojia, Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya: 1199, bila malipo.
- Dhuluma za kijinsia: 1195, bila malipo. Aliyebakwa afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya HIV.
- Pombe na dawa za kulevya, NACADA: 1192, bila malipo.
- Matibabu: kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Machakos Level 5.

Wakazi wanahimizwa kuandika namba hizi na kuzibandika mahali panapoonekana: kwenye lango la ploti, ukutani mwa kibanda cha chakula, na nyuma ya mlango wa kila chumba cha mwanafunzi.