Mitaro ya Jiji Letu
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mtu akiulizwa kazi za umma katika jiji la Dar es Salaam ni zipi, atataja lami, taa za barabarani na madaraja. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka likizo ya Desemba iliyopita, nilipofuatana kwa siku tisa na baba yangu mdogo, ambaye ni msimamizi wa kikosi cha mitaro. Wazee wa kikosi humwita nyapara mpaka leo. Nilikwenda nikitaka kuandika juu ya mitambo mikubwa, nikarudi na habari za mchanga.

Yafaa kwanza nieleze nani afanya nini, maana wengi wetu hupeleka lawama mlango usiohusika. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa pamoja na mitaro yake zilikuwa kazi ya halmashauri, lakini tangu mwaka 2017 zimo mikononi mwa TARURA. Maji ya bomba na maji machafu ya vyooni ni kazi ya DAWASA. Kuzoa taka kumebaki kwa halmashauri. Basi mtaro mmoja mbele ya nyumba waweza kuwa na wenyewe watatu: aujengaye, azoaye taka zilizotupwa ndani yake, na yule aliyeunganisha choo chake kwa siri usiku, ambaye hana ofisi.

Siku ya kwanza baba mdogo aliniuliza, “Adui wa barabara ni nani?” Nikajibu kuwa ni malori. Akacheka, akasema, “Lori hupiga tu. Maji ndiyo humshika anayepigwa.”

Maana yake ni hii. Chini ya lami mna matabaka ya kokoto na changarawe yaliyoshindiliwa. Yakiwa makavu, hubeba mzigo mkubwa. Maji yakipenya katika ufa, udongo hulainika, na kila gurudumu lipitapo huyasukuma maji yale yatoke pamoja na vumbi la changarawe. Hivyo shimo huanza chini, mahali tusipoona, na siku moja lami yatumbukia. Ndiyo sababu barabara hujengwa na mgongo katikati: katika kila mita moja kuelekea ukingoni hushuka kama sentimita 2 na nusu, ili mvua iteremke upesi mpaka mtaroni. Mtaro ukiziba, maji hayana pa kwenda, hukaa pale pale yakitafuta ufa. Kutia kiraka kabla ya kuzibua mtaro ni kutupa lami.

Na mtaro wenyewe si shimo refu tu kama nilivyodhani. Ni lazima ushuke. Ule wa mtaa wetu hushuka sentimita 10 katika kila mita 20, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Mafundi waliupima kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji. Mmoja hushika ncha hii penye mambo ya juu, mwingine ncha ile penye mambo ya chini. Maji husimama sawa pande zote mbili, nao hupima tofauti kwa futi. Somo hili tulifundishwa darasani, nami nakiri kwamba sikulielewa mpaka siku ile.

Maji yaendayo kasi hubeba mchanga. Yakipunguza mwendo, huutua. Kwa hiyo chini ya mtaro hufanywa pembamba, ili hata maji machache yakusanyike na kukimbia. Mhandisi Joseph Bazalgette, aliyejenga mifereji mikuu ya maji machafu ya London baada ya uvundo mkubwa wa mwaka 1858, alipendelea matawi yake madogo yawe na umbo la yai, upande mwembamba chini, kwa sababu iyo hiyo. Mchanga hauna habari kama uko Thames au Buguruni.

Buguruni ndiko kwetu, na maji yetu huteremkia bonde la mto Msimbazi, yakapita Jangwani, yakaingia baharini penye daraja la Selander. (Daraja hilo lina jina la mkurugenzi wa kazi za umma wa Tanganyika wakati wa Waingereza, wengi hulitaja kila siku wasijue.) Wakati wa bamvu bahari hujaa zaidi ya mita 3 kupita ilipokuwa imekupwa, na mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, mto hukosa njia. Mwezi wa Desemba 2011 mvua zilinyesha siku tatu, watu wapatao 40 wakafa katika jiji hili, na jamaa nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Siku ya saba kikosi kilifika mtaani kwetu. Jirani yetu mmoja, mzee mstaafu, maji yalikuwa yameingia chumbani mwake mara mbili katika masika, na sisi sote tulikuwa tumesema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Wale vibarua walizibua kuanzia chini kwenda juu, na mchanga wakaupakia katika toroli badala ya kuuacha ukingoni, maana ukiachwa hapo mvua ya kwanza huurudisha. Mabeleshi yakagota mbele ya duka la mama. Miaka mitatu nyuma alikuwa amemwaga zege moja kwa moja juu ya mtaro, mita 5, bila kifuniko, ili wateja wapate pa kusimama.

“Shemeji,” baba mdogo akasema, “mtaro umezibia hapa.”

“Wataka kunivunjia duka mbele ya watu?”

“Nataka kuvunja zege.”

Mama alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemleta. Wakapiga sururu mpaka adhuhuri. Chini yake mtaro ulikuwa umejaa mpaka juu: mchanga, chupa, mifuko, na magunzi ya mahindi yachomwayo pale pale mlangoni petu. Hapakuwa na taka hata moja ambayo ningeweza kusema ni ya watu wa mbali.

Mama hakusema na shemeji yake mpaka Ijumaa. Kisha akamwomba mafundi wake wamtengenezee vifuniko, akalipa mwenyewe. Vipo kumi, kila kimoja upana wa nusu mita, kina vishikio viwili vya nondo. Vizito mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo wakati wa likizo mimi na mdogo wangu huvinyanyua kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi na kutoa mchanga.

Masika ya mwaka huu, usiku mmoja wa bamvu, maji yalifika tena kizingitini kwa yule mzee. Yalisimama hapo kama saa moja, na bahari ilipoanza kupwa, yakashuka.