Majani Yale Yale, Nguvu Tofauti

Ukinunua majani makavu ya dawa sokoni Uriri, Migori, utajuaje nguvu yake? Macho na pua havitoshi.

Chukua mfano wa atemisia, mmea ambao Wachina wameutumia kutibu homa tangu kale. Mwaka 1971 Bi. Tu Youyou na wenzake mjini Beijing walishuku kwamba moto huiharibu dawa iliyo majanini. Wakaitoa kwa etha, kiowevu kinachochemka kwa joto dogo, na malaria ikashindwa. Mwaka 2015 alituzwa Nobeli.

Atemisia imelimwa Kenya pia. Lakini dawa yenyewe, atemisinini, huweza kuwa karibu hakuna au kuzidi asilimia 1 ya jani kavu, kutegemea mbegu, mavuno na ukaushaji. Ndiyo maana wakemia huyeyusha unga wa majani, wakaupitisha katika mtambo unaotenganisha kemikali moja moja, wakaipima. Hutafuta pia ukungu na madini ya risasi.

Kikombe cha chai hakina kipimo hicho. Dozi pungufu huacha viini vya malaria vikiwa hai, vikazoea dawa. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke zahanati apimwe damu. Mitishamba si upuuzi. Ila dawa ni kipimo.