ELIMU YA FEDHA NA MAHITAJI YA MBULU NA HANANG

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatokapo, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang. Kijana amefaulu, na chuo kikuu kitampokea. Je, akasome nini? Zamani jibu lilikuwa jepesi: ualimu, uuguzi au kilimo. Siku hizi wengi hutaja fedha. Na mzazi ambaye amekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya karo huuliza, tena kwa haki: "Fedha nayo husomwa? Na akiisha kuisoma atafanya kazi gani?"

Sisi twaona swali hilo lastahili jibu kamili, wala si la mzazi peke yake. Lamhusu mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay, na mfanya kazi wa Katesh ambaye kila mwezi huweka akiba yake katika chama cha kuweka na kukopa.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wako wanaodhani kwamba elimu hii ni kuhesabu noti nyuma ya dirisha la benki, au kwamba ni jina jingine la uhasibu. Sivyo. Mhasibu huandika na kueleza kwa ukweli fedha zilizokwisha kupita. Msomi wa fedha hutazama mbele: mtaji utapatikana wapi, kwa riba gani, utiwe katika kazi ipi, na hasara ikija itabebwa na nani. Katika miaka mitatu ya shahada hujifunza uhasibu wenyewe, uchumi, takwimu, kodi na sheria ya biashara, na hujifunza kupima shilingi ya leo na ile itakayopatikana baada ya miaka mitano.

Mambo haya si mageni kwa wazee wetu. Kwa Wairaqw na kwa Wabarabaig, mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika boma moja. Aliwapa wengine wamtunzie. Mtunzaji akapata maziwa, na mwenye mali akapata usalama, kwa kuwa ugonjwa au ukame ulipoingia mahali pamoja haukuimaliza mali yake yote. Chuoni jambo hilo huitwa kugawanya hatari, nalo hufundishwa kwa hesabu. Kwa hiyo kijana wa Dongobesh aendapo kulisoma haendi kujifunza uzungu. Aenda kupata kipimo cha jambo alilolikuta nyumbani.

Mahali pa kusomea papo. Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Elimu ya namna hii hutolewa pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi yake Babati, humu humu mkoani Manyara. Aliyekosa nafasi baada ya kidato cha sita aweza kuanza na stashahada, kisha akapanda. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu husaidia wengi, lakini yatupasa kusema wazi kwamba mkopo ni deni: mwenye kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka alimalize. Mwanafunzi wa fedha asiyelijua deni lake mwenyewe ameanza vibaya.

Na kazi je? Ziko nyingi kwa aina: afisa mikopo wa benki, mchunguzi wa madai katika bima, mtumishi wa mamlaka ya mapato au wa mifuko ya hifadhi ya jamii, dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, mtumishi wa idara ya fedha ya halmashauri. Lakini hatutaki kuwadanganya vijana. Wahitimu ni wengi kuliko viti vya mjini, na simu pamoja na mawakala zimepunguza foleni za benki na kazi za dirishani. Anayetaka kupanda hana budi kuongeza mitihani ya kitaaluma, kama ile ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Shahada peke yake ni jembe jipya: halijalima bado.

Hata hivyo, shamba liko, na hapa ndipo penye maneno yetu hasa. Katika Mbulu na Hanang fedha hupita kila siku, ila wenye kuisoma ni wachache.

Tazameni mbaazi. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini mwake, na bei ikaanguka kwa wakulima wa Tanzania, Manyara ikiwamo. Mkulima aliyetegemea zao moja, na zao lenyewe likitegemea mnunuzi mmoja, alibaki na magunia. Ushauri wa kugawanya hatari ungalikuwa na faida kubwa kabla ya msimu ule kuliko pole baada yake.

Tazameni pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018: sehemu nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisimamishwa nchini kote kwa sababu ya udhaifu katika utoaji na urejeshaji, nayo ikarudishwa mwaka 2024. Fedha zilikuwapo, na nia njema ilikuwapo. Kilichopungua mara nyingi ni mtu wa kukaa na kikundi kabla ya kukopa na kupima kama mradi utazaa.

Lakini funzo kubwa kuliko yote liko Basotu. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lililima ngano katika eka zipatazo 100,000 za nyanda za Hanang. Magunia yalihesabiwa, matrekta yakahesabiwa. Malisho bora ya Wabarabaig yaliyokwenda pamoja na ardhi ile hayakupewa uzito wake katika hesabu za faida. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua shauri mwaka 1981, likafika hata Mahakama ya Rufani. Hesabu iliyoacha kuhesabu mali ya mtu si hesabu kamili, hata jumla yake ikiwa sahihi.

Leo, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe na jirani zao huhifadhi misitu na kulipwa kwa mauzo ya hewa ya ukaa, na fedha huingia katika akaunti za vijiji. Bei ya hewa hiyo hupangwa mbali sana na Yaeda Chini. Ni nani katika mkutano wa kijiji awezaye kuusoma mkataba, akauliza sehemu ya kijiji ni ngapi na imepimwaje? Akiwa mtoto wa kijiji hicho, hatadanganywa kwa urahisi, wala hatasahau kuhesabu malisho, asali na makaburi ya wazee.

Kwa hiyo twamwambia mzazi: kama mwanao apenda hesabu na ana uaminifu, mwache asome fedha. Twaviambia vyama vya akiba na halmashauri: mpokeeni mhitimu huyo kwa mafunzo ya kazi, mpeni vitabu avione, wala msimwone adui kwa kuwa auliza. Na twamwambia kijana mwenyewe asidhani kwamba kurudi Katesh au Haydom ni kushindwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Mbulu na Hanang ipo. Daftari lake lamngoja mwenyewe.