Chama Kinachoishia Mpakani mwa Shamba

Kimulot, katika eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, mchuna chai huwa na waajiri wa aina mbili. Kuna kampuni kubwa zenye mashamba yanayoenea mpaka Kericho, na kuna jirani mwenye nusu ekari anayepeleka majani kwenye kiwanda cha KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai. Kazi ni moja: majani mawili na chipukizi, tangu umande haujakauka. Ila akiwa kwenye shamba la kampuni, mchuna chai ana chama. Akivuka mpaka wa shamba, hana.

Chama chenyewe hakikuja kwa hisani. Kampuni za chai zilianza kupanda Kericho katika miaka ya 1920, wakati mfanyakazi aliyetoroka kandarasi alihesabiwa mhalifu. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi Nairobi. Mwaka uliofuata wakakamatwa, na Singh akakaa kizuizini hadi 1961. Shirikisho lililofuata, chini ya Tom Mboya, ndilo lililosaidia vyama vya mashambani kusimama. Wachuna chai walipata chama chao mwaka 1959. Mwaka 1963 kikaungana na vya kahawa na mkonge kuwa KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, na miaka miwili baadaye COTU ikaundwa kuwa mwavuli wa vyama vyote nchini.

Ngazi za chama cha wachuna chai ni hizi: shambani kuna mwakilishi aliyechaguliwa na wenzake, Kericho kuna ofisi ya tawi, makao makuu yako Nakuru, na juu kabisa COTU Nairobi. Mwakilishi ndiye anayemjua mtu kwa jina. Karani akikata kilo kwa madai kwamba majani yana maji, mwakilishi ndiye anayesimama penye mizani kuuliza amekata ngapi na kwa nini. Mambo makubwa, yaani bei ya kilo, likizo, nyumba na malipo ya kustaafu, huamuliwa kwenye mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri. Wakishindwa kuelewana, wanakwenda kortini. Kenya imekuwa na mahakama ya kazi tangu 1964. Hata asiyejiunga na chama hufaidika na mkataba huo, na sheria inaruhusu akatwe ada kwa ajili yake.

Mpango huu wote umesimama juu ya hesabu ya watu. Chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake, na huendeshwa kwa makato ya mshahara. Ndiyo sababu mashine ya kuchuna chai, inayochukua nafasi za wachunaji, imekiuma chama pabaya. Wafanyakazi waligoma dhidi yake Oktoba 2010. Mei 2023 vijana wakaingia kwenye mashamba Kericho na kuchoma mashine. Watu wakaumia, wakiwemo polisi, na kampuni moja ikasimamisha shughuli kwa muda. Sioni fahari katika moto ule. Naona watu ambao mkataba haukuwafikia tena.

Mwaka huohuo, mwezi Februari, BBC ilikuwa imefichua jinsi wasimamizi katika mashamba ya chai walivyowadai wanawake ngono ili wapewe kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji huo. Sera bila mtu wa kumwendea ni karatasi tu. Mtu huyo alipaswa kuwa mwakilishi wa chama, na hapa chama kina deni kwa wanawake ambalo hakijalilipa. Uongozi uliotazama mishahara pekee uliwaacha wanachama wake wengi na siri nzito.

Waajiri nao wamebadilika. Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, na mwaka 2023 James Finlay ikatangaza kuyauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka. Chama kinalazimika kujuana upya na watu wa upande wa pili wa meza, huku wanachama wakipungua.

Wanaopunguzwa wanakwenda wapi? Wengi wanaishia kwa majirani, wakilipwa kwa kilo kwa bei anayotaja mwenye shamba. Hawana likizo, wala akiba ya uzeeni. Mkulima mwenyewe si tajiri wa kulaumiwa. Anasubiri bonasi ya mwaka kama wao wanavyosubiri jioni. Huwezi kumpeleka kortini mtu mwenye mistari kumi ya chai.

Lakini kiwanda unaweza kuzungumza nacho. Kila kiwanda cha KTDA ni kampuni yenye wakurugenzi wanaochaguliwa na wakulima, na kwenye kituo cha kununulia chai tayari kuna mizani, karani na rekodi ya kilo za kila mkulima. Tawi la Kericho lingeweza kuketi na wakurugenzi hao kabla bonasi haijatangazwa, wakubaliane bei ya chini ya kuchuna kwa eneo zima. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kupata malipo ya haki na masharti ya kazi yanayofaa. Hakikusema kila mfanyakazi wa shamba kubwa.