Nuru haifundishwi kwa chaki peke yake

Mvuvi wa visiwa hivi anayechoma samaki kwa mkuki hakungoja kufundishwa skuli kwamba samaki hayupo pale anapoonekana. Hulenga chini yake kidogo, akampata. Mwanawe aliye kidato cha pili aweza kuiandika kanuni ya kupinda kwa nuru bila ya kukosea herufi, na bado asitambue kuwa kanuni hiyo ndiyo inayouongoza mkono wa baba yake. Hapo pana kasoro, nasi hatuoni kuwa kasoro hiyo ni ya mtoto.

Somo hili halidai fedha nyingi. Sarafu huwekwa ndani ya bakuli, mwanafunzi akarudi nyuma hadi ukingo wa bakuli uifiche. Mwenzake akimimina maji polepole, sarafu huchomoza tena ilhali hakuna aliyeigusa. Darasa zima hupiga kelele, na kelele hizo sisi twaziona ni za heri. Hapo ndipo mwalimu aeleze kuwa nuru hewani huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini hupungua hadi kiasi cha 225,000, na itokapo majini kwa mshazari hupinda. Ndiyo maana maji ya kina cha meta mbili, yakitazamwa kutoka juu, huonekana kama ya meta moja na nusu. Watoto wangapi wamezama kwa kudanganywa na macho yao!

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki karibu mwaka 1040, aliichunguza nuru ipitayo katika tundu na kuingia chumba cha giza, wala hakuridhika na kauli za waliomtangulia mpaka azijaribu. Leo boksi la viatu, tundu la sindano na karatasi iliyopakwa mafuta hutosha kumwonyesha mtoto mnazi wa uwanjani ukiwa kichwa chini.

Kizuizi ni nini basi? Mara nyengine ni kabati. Lenzi na vioo vimo, lakini havitolewi, kwa kuhofiwa visije vikakosekana siku ya ukaguzi. Tunawaomba wakuu wa elimu wawaagize wakaguzi waulize vifaa vimetumika mara ngapi, si vingapi vimehifadhiwa. Na lenzi itakayovunjika mikononi mwa mwanafunzi iandikwe daftarini kuwa imetumika, asidaiwe mtu.